Herufi Nilizosoma Kwenye Ubao Mtupu

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa vitu sokoni kabla hujafika ukurasa huu, usijali. Habari yangu ni fupi. Nina miaka ishirini, urefu wangu ni mita mbili na ushee, wachezaji wenzangu wananiita Ngongoti, nacheza mpira wa kikapu kwa mshahara, na jicho langu la kushoto halioni.

Sisemi halioni vizuri. Nasema halioni. Linajua kama dirisha liko wazi na kama mtu amepita karibu, basi.

Nilikuwa na miaka saba lilipopotea. Dada yangu, ambaye leo ni fundi cherehani, alikuwa na kumi na moja. Alichukua henga ya waya, akaikunja duara na kuining'iniza juu ya mlango ili nipate kikapu cha kurushia soksi. Hicho ndicho kikapu changu cha kwanza maishani. Waya ukafyatuka.

Mama tulimwambia ni mdudu. Jicho likawa jekundu siku kadhaa, likapona kwa nje, na mpaka wiki hii mama alikuwa anajua ni mdudu na anajua limepona. Dada alinibembeleza nisiseme, nami nikanyamaza. Siri hiyo ndiyo iliyozaa nyingine zote.

Ya pili ilikuwa ya ubao wa kupimia macho. Siku moja kabla ya vipimo vya timu nilijifanya napeleka fomu kwa daktari, nikanakili herufi zote za ubaoni kwenye kiganja. Dada akazigeuza ukoo. Mstari wa nne ulikuwa K, M, D, B, S, kwa hiyo kaka, mama, dada, binamu, shangazi. Alinikaririsha huku akishona, nikikosea ananichapa na tepu ya kupimia. Nilifaulu kwa macho yote mawili. Daktari wa wakati ule hata alinisifia.

Mama hajawahi kuniona nikicheza. Anachojua ni kwamba mwanawe analipwa kwa kurusha mpira, na hilo humwambia kila mteja anayekuja kwa dada kupima nguo. Dada alikuwa amemwahidi kumleta Alhamisi hii aone ninapofanyia kazi. Hiyo Alhamisi usiisahau, maana mimi mwenyewe niliisahau.

Wiki iliyopita nilikuacha pale kocha aliponitoa kona ya kushoto akanipeleka kona ya kulia. Kwa mtu mwenye macho mawili ni hatua chache tu. Lakini ukisimama kona ya kulia ukakiangalia kikapu, pasi zinakujia kutoka kushoto. Pasi ya kwanza ilinipiga sikioni mbele ya ukumbi mzima. Watu walicheka, refa akacheka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikujua la kufanya.

Aliyenigundua ni Kinyozi.

Kinyozi ndiye mgawa pasi wetu. Jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye anayenyoa timu nzima kabla ya mechi, kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, taulo mabegani, wembe mkononi, kelele kila upande. Siku mbili baada ya lile la sikio ilikuwa zamu yangu. Alinyoa kulia, akanyoa kushoto, kisha akasimama.

"Kila mtu hufumba jicho nikipitisha wembe hapa," akasema polepole. "Kulia umefumba. Kushoto hukufumba."

Nikamwambia mimi si mwoga.

"Nakuuliza kama kaka yako. Halioni?"

Kijasho chembamba kikanitoka chini ya taulo. Nilikuwa nimedanganya daktari, kocha, meneja na mama mzazi, lakini mtu akishakushikia wembe shingoni uongo unakuwa mgumu. Nikamwambia halioni.

Sikuambulia lawama. Aliendelea kunyoa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Alipomaliza alinifuta shingo, akaniinamia sikioni na kunieleza tutakachofanya. Kila atakapotaka kunipa mpira angeudunda mara mbili haraka haraka, pap pap. Nikisikia hivyo nifungue mikono tu, nisiutafute kwa macho.

Jamani, ilikubali. Mechi ya kwanza nilifunga pointi kumi na moja. Ya pili kumi na sita. Gazeti moja, si hili, liliandika kwamba kijana wa kona ya kulia anaujua mpira kabla haujatoka mkononi mwa mwenzake. Dada aliikata ile habari akaibandika ukutani juu ya cherehani. Nikaanza kutembea kama mtu. Nilipita mbele ya wauza matunda wale wale waliozoea kuniuliza huko juu kuna baridi kiasi gani, nikawajibu kuna joto.

Mechi ya tatu ilikuwa Jumamosi. Beki wao aliruka na kiwiko kikanipata juu ya jicho la kulia, lile zima. Nyusi ilipasuka kidogo tu, lakini kufikia Jumapili asubuhi uvimbe ulikuwa umelifunga jicho kabisa.

Nilikuwa nimelala kwa dada ili mama asinione na plasta. Nikaamka kwenye ukungu mtupu ilhali jua limeshatoka. Nilinyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai, nikakipata kikombe, nikakimwaga, nikapapasa meza nzima kutafuta kitambaa. Nilidhani niko peke yangu. Kisha nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Umekaa hapo muda gani?" nikauliza.

"Tangu ulipoanza kutafuta kikombe," dada akajibu.

Ili kumtoa kwenye mawazo nilimsimulia habari ya pap pap. Mpaka siku hiyo ilikuwa yangu na Kinyozi tu. Alicheka kidogo, kisha akakata kicheko. Alinikanda jicho na kitambaa chenye maji baridi hadi likafunguka mchana, na muda wote huo hakusema zaidi ya maneno kumi. Mimi nikajiambia dada amechoka, ana nguo za harusi za kumaliza.

Jumanne mazoezini kocha alipuliza filimbi.

"Huo mdundo wa pili ni wa nini?" alimuuliza Kinyozi. "Tunawapigia wapinzani hodi?"

Kinyozi alijaribu kusema ni mazoea. Kocha akakata maneno. Kuanzia siku ile pasi ya kona itoke moja kwa moja, na atakayedunda mara mbili akae benchi. Kinyozi aliniangalia, nikamwangalia, tukaangalia sakafu wote wawili. Kocha hakuwa amewahi kuusemea mdundo wetu kwa mechi tatu na mazoezi yote yaliyokuwa katikati. Hilo lilinipita. Mtu akiwa na hofu yake moja hana nafasi ya kuwaza mengine.

Jumatano mipira minne ilinipita. Wa tano nilisikia unakuja, nikageuka kwa nguvu kuufuata. Sikujua Kinyozi alikuwa ameshakata kupita kushoto kwangu. Goti langu lilikutana na goti lake, na nikasikia kitu kinavunjika kama kijiti.

Alianguka bila kupiga kelele. Nikapiga magoti kando yake, sijui nishike wapi.

"Sikukuona, kaka."

"Najua hukuniona," akasema, meno yameumana.

Wengine hawakuelewa. Walimbeba. Nilibaki nimepiga magoti pale pale, nikawaza kwamba mtu pekee aliyenisitiri ndiye niliyemvunja. Kocha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono kifuani. Huyu ni kocha anayepiga kelele mtu akichelewa dakika moja. Siku hiyo hakupiga kelele kabisa.

Asubuhi iliyofuata meneja alituma ujumbe kwamba daktari mpya wa timu anapima macho wachezaji wote saa tatu. Wote, aliandika. Sikuogopa sana. Njia nzima nilitembea nikiutaja ukoo wangu, kaka, mama, dada, binamu, shangazi, mpaka mwuza magazeti akaniuliza kama kuna msiba.

Nilipofika, benchi la nje ya chumba cha daktari lilikuwa tupu. Niliyeitwa nilikuwa mimi peke yangu.

Daktari mpya alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikalisha kitini. Mbele yangu, kwenye msumari, ulining'inia ubao ule ule wa zamani, herufi zile zile. Nusura niupungie mkono.

Alinifunika jicho la kushoto kwanza. Nikasoma kwa jicho zima, mstari baada ya mstari, bila wasiwasi. Akaandika. Kisha akanipa kile kijiko cheusi cha kufunikia, akaniambia nifunike jicho la kulia na nisubiri aniambie. Nikafunika. Ukaingia ule ukungu wangu niliouzoea. Nikasikia viatu vyake vinatembea, kitu kikagonga ukuta kidogo, viatu vikarudi.

"Haya, mwanangu. Soma."

Nikasoma. Tena kwa madaha, maana nilikuwa nimeshaonywa na dada kwamba nikisoma kama kasuku watashtuka. Mstari wa tatu nilisita kidogo makusudi. Mstari wa nne nilikunja uso, nikasogeza shingo mbele, nikamtaja kaka, nikamtaja mama, nikamtaja dada, binamu nikamtafuta kidogo, shangazi nikampata. Wa tano pia. Daktari hakunikatiza hata mara moja. Nilishuka mpaka ule mstari wa mwisho wa herufi ndogo kama chawa, nikaumaliza.

Nikasikia akiweka kalamu mezani.

"Fungua jicho," akasema.

Nikaondoa kile kijiko. Pale kwenye msumari ubao ulikuwa umegeuzwa. Nilikuwa naangalia upande wa nyuma, mweupe, hauna hata nukta. Nilikuwa nimesoma mistari sita kwenye ubao mtupu.

Damu ilinikauka. Daktari naye hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu miaka saba. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamrudishia kijiko chake.

Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba lile la kushoto halitarudi. Shida yake yeye ilikuwa la kulia. Kwenye mchezo wa viwiko na vidole, alisema, kidole kimoja tu kinatosha, na mimi sina la akiba. Kama nimeamua kufa na mpira, basi nisikanyage uwanjani bila miwani ya kinga, ile ya kufungwa kwa mkanda kichwani. Kisha akasema lazima aandike alichokiona.

Nilimwomba. Sioni aibu kusema niliteremka kitini na kushika miguu yake, mimi mtu wa mita mbili. Aliniinua, macho yake yamelowa, akasema angefanya hivyo hivyo kama ningekuwa mwanawe wa kuzaa. Akaniambia nisubiri chumba cha pili aandike.

Chumba cha pili alikuwa amelazwa Kinyozi, mguu juu ya mito miwili.

Nakuambia ukweli. Badala ya kumuuliza hali, nilisimama mlangoni nikamuuliza kwa nini amenisema. Nani mwingine, kama si yeye. Yeye amevunjwa goti jana, leo mimi napimwa peke yangu.

Kinyozi alijiinua kwa viwiko.

"Goti ni langu," akasema. "Ningesema ingekuwa haki yangu. Lakini sikusema."

"Basi nani?"

"Kabla yangu alijua nani?"

Swali lake nililikalia. Niliweka mkono kwenye ukingo wa kitanda, nikamwomba radhi kwa goti na kwa maneno. Akanigusa mkono kwa vidole viwili, pap pap, akageukia ukutani. Hapo nililia.

Sekretari akaja kuniita ofisini kwa meneja.

Meneja wetu ni mtu laini. Ukimsikia kwenye simu utadhani anaimbia mtoto. Alinikaribisha kiti cha wageni, akaniagizia maji, akaniita bwana mdogo. Karatasi ya daktari ilikuwa mezani kwake tayari. Nikasubiri kuambiwa nirudishe jezi.

Hakuniambia nirudishe jezi. Aliniambia nitacheza Jumamosi.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Jumamosi kuna mgeni anakuja kutoka timu kubwa ya nje, amenisoma gazetini, anataka kumwona kijana wa kona ya kulia. Mimi ni mali, alisema, na mali haifichwi ndani. Nilimuuliza kuhusu miwani ya kinga. Akatabasamu kwa huruma. Nikivaa miwani, mgeni atauliza kwa nini.

Akanisogezea karatasi nyingine. Nilisoma kwa jicho langu moja. Mimi mchezaji nakiri kwamba nilijiunga na timu nikiijua hali ya jicho langu na nikaificha. Jicho lililobaki likidhurika uwanjani, timu haihusiki.

"Na nisiposaini?"

"Ripoti ya daktari inakwenda kwenye chama cha mchezo," akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Ulidanganya kuhusu jicho kwenye vipimo, bwana mdogo. Hutacheza hapa wala kwingine. Mimi sitaki tufike huko."

Nikisaini, naweza kupofuka. Nisiposaini, narudi kushika donge la uzi kwa dada na mama anawaambia nini wateja. Nilitafuta mlango wa tatu, sikuuona. Sikuwa na mbele wala nyuma.

Nikashuka na macho mpaka chini ya karatasi kutafuta mahali pa kuweka sahihi. Chini ya mstari wangu palikuwa na mstari mwingine, wa ndugu wa karibu. Huo ulikuwa umeshasainiwa.

Ile sahihi ningeijua hata kwa jicho la kushoto. Herufi ya mwisho ina mkia mrefu, kama uzi ambao mshonaji amesahau kuukata. Ilikuwa ya dada.

Pembeni paliandikwa tarehe. Ya Jumatatu.

Nikahesabu, nikahesabu tena. Jumapili dada aliniona nikipapasa kikombe, nikamwambia habari ya pap pap. Jumatatu akaketi kwenye kiti hiki. Jumanne kocha akapiga marufuku mdundo wa pili. Kumbe walikuwa wanajua. Walitaka kuona nikiachwa bila mdundo itakuwaje, na walichokiona ni goti la Kinyozi.

"Dada yangu alikuja kusema niache," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Alikuja ili mnizuie kucheza."

"Alivyokuja na alivyoondoka ni mambo mawili," meneja akajibu, akafungua kalamu na kuniwekea mbele. "Muulize mwenyewe. Ila muulize ukishasaini."

Nilishika kalamu. Simsingizii mtu, niliishika mwenyewe.

Mlango wa ofisi ile uko kushoto mwa kiti cha wageni. Ulifunguliwa, wala sikuona ukifunguliwa. Nilichokiona ni uso wa meneja ukipoteza ulaini wote, na mkono wake ukiifunika karatasi ya daktari.

Nikasikia pumzi za mtu aliyepanda ngazi haraka. Nikasikia sauti ya dada ikisema samahani, sekretari alituambia tupite. Akasema tupite, si nipite. Hapo ndipo nilipokumbuka leo ni siku gani.

"Nimesimama hapo nje nikasikia habari ya jicho," mama akasema. Alikuwa ametulia mno. "Jicho gani hilo?"

Viatu vyake vilikuja, vikasimama kushoto kwangu, karibu kabisa. Niliendelea kumtazama meneja. Niliogopa kugeuza shingo.

Kivuli kikapita kwenye ule ukungu wangu, kikakaa. Najua ulikuwa mkono, kwa sababu dada alianza kulia akasema, "Mama, usimpime."

"Baba," mama akaniambia, "hivi ni vidole vingapi?"